Saruji Juu ya Nta

Kinyozi alikuwa na mkono mwepesi kwenye vichwa vya watu. Kwenye sakafu ya nyumbani, mkono huohuo ulimponza.

Katikati ya sebule sakafu ilikuwa imebonyea, ikafanya bonde. Mama yake alilizunguka kila alipokwenda jikoni.

“Mwanangu, lizibe hili kabla halijanimeza.”

“Hilo tu, mama? Kesho.”

Kesho ikazaa kesho. Hatimaye akakoroga saruji, akaimwaga bondeni na kuilainisha kwa mwiko. Pakapendeza, naye akajisifu mtaa mzima.

Haikuchukua muda, saruji ikabanduka. Mama akajikwaa kwenye kipande kilichoinuka, akaanguka, akavunjika nyonga. Alirudi kutoka hospitali akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Kinyozi alishindwa hata kumtazama usoni.

Jirani yao, mama mmoja fundi ujenzi, alikuja kutoa pole. Aliokota kipande kile, akakigeuza. Upande wa chini ulikuwa mwekundu, unateleza.

“Ulikwangua nta kwanza?”

“Nta gani?”

“Mama ameisugua sakafu hii kwa nta nyekundu miaka nenda, miaka rudi. Saruji haishiki juu ya nta, wala juu ya vumbi. Mbona hukuniuliza, nami niko hapo ukuta wa pili?”

“Niliona ni kazi ndogo, dada. Najuta.”

“Maji yakimwagika hayazoleki. Lete tindo na nyundo.”

Walibandua saruji iliyobaki, wakakwangua nta yote. Wakaigongagonga sakafu kwa tindo hadi ikaparuza, ili saruji ipate pa kung’ang’ania. Kingo za bonde wakazichimba, maana saruji nyembamba huvunjika upesi. Wakafagia vumbi, wakalowesha, wakapaka uji mzito wa saruji. Uji ukiwa bado mbichi, wakamwaga saruji iliyochanganywa na mchanga, wakaivuta kwa ubao ulionyooka. Fundi akaweka pima maji huku na huku kuona kama iko sawa, mpaka akaridhika.

“Sasa usiwe na haraka,” alionya. “Ifunike kwa magunia, uyaloweshe wiki nzima. Ikikauka mbio, itapasuka.”

Safari hii kinyozi alisikia la mkuu. Hata kazini alitoroka kidogo ili aje kumwagilia.

Sakafu ilipokomaa, alimsukuma mama yake kutoka chumbani hadi jikoni. Kiti hakikukwama popote.

“Imenyooka, mwanangu. Hongera,” mama alisema. Akaitazama sakafu kwa muda, mikono ikiwa juu ya magoti.

“Hapa ningetembea vizuri sana.”