Samaki wa Friji la Kwanza

Mama Chambo alifunua turubai asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajagonga geti, akakuta samaki wote wa friji la kwanza wanaelea matumbo juu. Pampu ya hewa ilikuwa bado inanguruma. Mapovu yalipanda kama kawaida, yakiwasukuma wafu polepole kutoka ukingo huu hadi ule. Akafunua friji la pili. Humo walikuwa wazima, wakaja juu mbiombio wakidhani amewaletea pumba.

Yalikuwa mafriji mawili mabovu, yamelazwa chali uani, milango imeng'olewa na matundu yamezibwa kwa gundi nyeusi. Aliyeyageuza kuwa matangi ni mumewe, fundi friji mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Baridi. Wavuvi wa bwawani walinunua hapo samaki wadogo wa chambo, na walitaka walio hai, kwa sababu samaki mkubwa hashtuki mpaka mdogo achezecheze kwenye ndoana.

Koplo, mwanamke kutoka kituo cha polisi, alipofika, mtuhumiwa alikwishachukuliwa. Alikuwa mdogo wake Fundi Baridi, mlinzi wa usiku aliyepanga chumba cha uani na kulala mchana. Dirishani kwake ilionekana chupa ya dawa ya kuulia wadudu, imebaki nusu. Isitoshe, juzi tu alisema mbele ya wateja kwamba ipo siku samaki hawa watakufa wote, na yeye apate kulala bila kelele za pampu. Kesho yake alitakiwa kufikishwa mahakamani, na mlinzi mwenye kesi hana lindo.

"Nimemlisha kwa mikono hii," alisema Mama Chambo. "Akitoka huko, asikanyage hapa. Nimeshamwambia kaka yake."

Kaka yake alikuwa amesimama mlangoni, mikono mfukoni.

"Jana mchana ulikuwa wapi, mama?" koplo aliuliza.

"Kliniki."

"Unaumwa?"

"Presha tu. Wananipima, wananigombeza, wananirudisha."

Fundi Baridi aligeuka akautazama ukuta.

"Uliporudi uliwaangalia samaki?"

"Nilirudi jioni, nimechoka. Huyu mzee akaniambia ameshawalisha na kuwafunika, niende nikajinyooshe."

Koplo alichuchumaa. Samaki kadhaa walikuwa wameopolewa na kutupwa sakafuni. Msururu wa sisimizi ulitoka kwenye ufa wa ukuta, ukawapanda samaki, ukarudi na mzigo. Aliwatazama kwa muda mrefu kiasi kwamba Mama Chambo akaanza kuona aibu.

"Samahani kwa uchafu, dada."

"Hapana. Waache wajilie."

Kisha akainamia friji la kwanza. Maji yalikuwa meupe, aliona hadi mkwaruzo wa sakafu yake. Maji ya friji la pili yalikuwa na rangi ya chai nyepesi, na chini hapakuonekana.

"Haya uliyabadilisha lini?"

"Sijayagusa wiki hii." Mama Chambo alisogea, akakunja uso. "Atakuwa huyohuyo. Kayabadilisha ili sumu yake isionekane."

"Maji mapya unatoa wapi?"

Alionyesha mapipa mawili chini ya mabati. "Nayalaza humo kwanza. Maji ya bomba yana dawa. Ukiwamwagia hivihivi inawachoma matamvua wanayopumulia, hawafiki jioni. Yakilala wazi, dawa inapaa yenyewe. Halafu nachota kwa ndoo."

Mapipa yalijaa hadi ukingoni. Juu ya maji ya mapipa yote mawili palikuwa na utando wa vumbi na majani makavu, haujapasuliwa popote. Koplo hakuyagusa.

Ng'ambo ya barabara alikaa muuza minyoo, mshindani wa pekee wa Mama Chambo. Alikuwa akipanga makopo yake na hakunyanyua kichwa.

"Umekuja kunikamata?"

"Nimekuja kuuliza."

"Basi kaa, kuuliza ni bure. Mimi na yule mama tunasemana vibaya, hilo sikatai. Jana nilimwambia samaki wake wamekonda kama mwenyewe. Lakini kuua? Mvuvi akikosa samaki wake hanunui minyoo yangu, anarudi nyumbani."

"Jana mchana uliona nani akiingia pale?"

"Hakuna. Geti lilifungwa tangu mama atoke. Nilisikia bomba tu. Lile bomba lao likifunguliwa linalia kama mbuzi, na jana lililia mpaka nikasema leo kuna mtu anafua mapazia."

"Anayefua kawaida ni nani?"

"Yeye mwenyewe mama." Hapo ndipo aliponyanyua kichwa.

Mahabusu, mlinzi alikuwa amekaa kwenye kona, viatu havina kamba. Aliulizwa kuhusu chupa, akainama kutazama viatu vyake.

"Kesho hakimu atakuuliza hilihili," koplo alimwambia kwa upole. "Mbele ya watu wengi zaidi."

"Kunguni," alisema mlinzi.

"Nini?"

"Chumba kina kunguni, afande. Shemeji ni msafi sana. Nilianzaje kumwambia?"

Koplo aliinamia karatasi zake ili asitabasamu. "Jana mchana ulisikia bomba?"

"Niliziba masikio na mto, kwa ajili ya pampu. Na bomba mimi silifungui. Lina kufuli tangu majirani waanze kujichotea. Hata maji ya kuoga nagonga mlango, nimwombe shemeji."

Alasiri koplo alirudi naye uani. Mama Chambo alipomwona shemeji yake, akashika kiuno.

"Huyu anafuata nini hapa?"

"Nahitaji wote muwepo, mama. Hamtachoka sana."

Alikwenda bafuni, akautoa mpira wa maji uliotundikwa msumarini. Alipouinua, maji yalitiririka kutoka ncha moja. Aliuchomeka kwenye bomba, akaushika ncha na kutembea nao. Ulipita kizingiti, ukapita mapipa, ukafika friji la kwanza na kuingia kidogo tu. Aliuvuta kuelekea la pili. Ukakazika, ukagoma.

"Nilijiuliza kwa nini mwuaji aache friji moja," alisema. "Mtu mwenye chupa ya sumu angemimina katika yote mawili, yako bega kwa bega. Sumu haina urefu. Mpira unao."

Aliuachia mpira ukaanguka.

"Halafu wale sisimizi. Wamekula samaki tangu asubuhi. Ingekuwa dawa ya wadudu, wangelala palepale. Samaki wameuawa na maji ya bomba, na aliyeyatia hakugusa mapipa, maana anajua ya mapipa hayaui. Mama, funguo za kufuli la bomba ziko ngapi?"

"Mbili," Mama Chambo alisema. Aligusa kamba shingoni mwake. "Huu hapa mmoja, nilikwenda nao kliniki. Na mwingine..."

Alimgeukia mumewe, naye Fundi Baridi akautoa mkono mfukoni. Ufunguo ulikuwa kiganjani, kama vile aliushika tangu asubuhi.

"Ni mimi," alisema.

Mlinzi alimtazama kaka yake. "Na ukaniacha wanichukue."

"Nilikuwa nasema kesho asubuhi nitakwenda kituoni."

"Kesho asubuhi ningekuwa kizimbani, kaka."

Mama Chambo alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. "Nimekukosea nini?"

"Ulianguka," alisema mumewe. "Hapo hapo, kati ya haya mafriji, na ndoo mkononi. Nilikuta maji yamekulowesha nywele, nikadhani umekwenda. Daktari akakukataza kubeba. Ukacheka. Nikakusihi uache hii biashara, ukaniuliza ukae utazame ukuta? Nikaona wakifa wote mara moja utasema ni ugonjwa, utavunjika moyo, utapumzika. Mpira haukufika. Na nilipowaona wanaanza kuhangaika, sikuwa na nguvu ya kutafuta mwingine. Sikuwaza polisi. Sikuwaza huyu na chupa yake."

Pampu ilinguruma. Mama Chambo alianza kuhesabu kwa vidole.

"Umevuta mpira," alisema taratibu. "Umenyonya maji machafu yote yakatoka. Umejaza mapya. Umefunika. Umenidanganya, ukamtoa mdogo wako kafara. Kazi yote hiyo. Na ndoo, mzee? Ndoo ungeshindwa kuibeba wewe?"

Fundi Baridi aliitazama ndoo aliyokalia mkewe. Kwa sura yake, ilionekana hajawahi kujiuliza.

Koplo alimwandikia mlinzi karatasi ya kumwachia huru. Kuhusu lile lingine, Mama Chambo alisema samaki ni wake na hashtaki mtu, ila dada akipenda amtishe mzee kidogo. Koplo hakuona haja. Mlinzi alipita mbele ya kaka yake bila kumsemesha. Shemeji yake alimshika mkono.

"Toa godoro nje lipigwe jua," alimwambia. "Na asubuhi ukirudi kuoga, usigonge. Ufunguo wa mzee utakaa kwako."

Koplo alipofika getini aligeuka mara moja. Fundi Baridi alikuwa amepasua utando wa pipa na kuchota. Alitembea na ndoo kwa mikono miwili, maji yakimmwagikia viatuni, hadi friji la pili. Mkewe hakunyanyuka pale alipokaa.

"Pembeni," alisema. "Mimina pembeni, polepole. Wanaogopa."