Bango la Getini

Mwaka wa uchaguzi huwezi kuvuka uwanja wa chuo chetu, hapa Michigan, bila kukamatwa. Jimbo letu ni la kugombewa, na kila kona kuna kijana mwenye fulana ya kampeni na karatasi mkononi. Umeshajiandikisha? Uko upande gani? Watoto wa watu wanakwenda darasani kwa kunyata, utadhani wameiba kitu.

Nizar Saab, mwanafunzi wa uhandisi, mrefu, nyusi zimekutana, koti la ngozi aliloazima kwa kaka yake na hajawahi kulirudisha, alikuwa amebanwa ukutani na mabinti wawili wa chama cha buluu. Mbele yake wekundu, wapinzani wao, nao walikuwa wanamvizia. Msichana mwenye nywele za rangi ya mahindi akapita na kikombe cha chokoleti ya moto. Nizar akamdaka mkono.

"Mpenzi! Nimekutafuta kote!"

Msichana akamtazama yeye, akawatazama wale mabinti, akaelewa papo hapo. Na yeye alikuwa anawakimbia haohao.

"Umechelewa tena," akasema kwa sauti ya mke aliyechoka. "Sote tumeshajiandikisha, asanteni, kwaherini."

Walisimama nyuma ya maktaba wakicheka mpaka chokoleti ikamwagika.

"Naitwa Marit. Unaweza kuniachia mkono sasa."

"Bado wanatuangalia."

"Hakuna mtu hapa."

"Ndiyo hatari yenyewe."

Mkono haukuachiwa. Wiki hiyohiyo walikuwa wanakula pamoja, wanasoma pamoja, na simu zao zinapata moto usiku. Wakawekeana sharti moja: uchaguzi ubaki mlangoni. Televisheni, ukuta, simu, profesa, wote walikuwa wanaongea jambo hilohilo, basi wao wawili wasiliongee. Waliona wamepata mahali pa kupumulia. Mimi nasema walijifungia ndani na ufunguo wakautupa, lakini nani aliniuliza?

Mwezi wa kumi Marit akampeleka kwao kuchuma matufaha. Baba yake, Bwana Hoekstra, ana shamba kaskazini, na getini palikuwa na bango jekundu la kampeni, kubwa kama mlango wa zizi. Upepo ulikuwa umelilaza chini. Mzee alimkaribisha Nizar kwa donati na juisi ya tufaha ya moto, akamsifia mikono kwa kuchuma bila kuvunja matawi.

"Kwenu wapi, kijana?"

"Dearborn, mzee. Hapa hapa Michigan."

"Hapana, namaanisha kwenu kwenyewe."

"Dearborn kwenyewe, mzee."

Marit alikuwa karibu. Akaendelea kupanga donati. Jioni baba akamkabidhi nyundo. "Binti yangu, nenda kanisimamishie lile bango." Ndivyo ilivyokuwa tangu akiwa mdogo, kila uchaguzi kazi hiyo ni yake. Nizar, mgeni mwenye adabu, akaenda kumshikia nguzo. Yeye alishika, Marit akagonga, na mzee akawapiga picha. Walipoaga, akamvika Marit koti lake zito la shambani. "Chukua, baridi inakuja." Kwenye kola kulikuwa na beji nyekundu.

Nizar aliendesha gari mpaka barabara kuu.

"Uligonga vizuri," akasema.

"Ni bango la baba."

"Na kura yako ni ya nani?"

"Tulikubaliana hatuulizani."

"Basi nimeshajibiwa."

"Hujajibiwa kitu! Na wewe je? Utampigia nani?"

"Hakuna. Siendi."

"Kwa hiyo unanihukumu kwa kitu ambacho wewe mwenyewe hukifanyi? Vizuri sana, bwana mkubwa. Nishushe hapa."

"Hapa ni porini, Marit."

"Basi nyamaza uendeshe."

Wakanyamaza, na ukimya ule waliushusha nao chuoni. Akipita huku, mwenzake anapita kule.

Siku ya uchaguzi ikafika na mvua ya rasharasha. Marit alikuwa ameandikishwa kijijini kwao, ambako shangazi yake ndiye anayekaa mezani kuwagawia watu karatasi za kura. Mchana baba akapiga simu.

"Shangazi yako anasema hujafika."

"Nina mtihani, baba. Nitakuja."

Hakuwa na mtihani. Alikuwa amekaa kitandani, koti la baba limemfunika. Kwao alijua atapiga kura huku macho ya ukoo mzima yakiwa mgongoni kwake. Huku chuoni sheria inamruhusu mtu kuhamisha jina siku ileile na kupiga kura, lakini shangazi atajua na baba atajua. Alizunguka chumba mpaka saa mbili usiku ikakaribia. Ndipo akajifunga skafu juu ya ile beji, akakimbia.

Foleni ilikuwa imezunguka jengo la makumbusho ya chuo. Marit alifika saa mbili usiku inagonga. Mama mmoja wa tume, mnene, kofia ya sufu, akaja kusimama nyuma yake.

"Wewe ndiye wa mwisho, mwanangu. Nyuma yangu haingii mtu. Ukitoka hapa hurudi."

Kijana wa mbele yake akageuka. Nyusi zilikuwa zimekutana.

"Mungu wangu," akasema Marit.

"Hata mimi nilikuwa nimeshapanga kusema hivyo," akasema Nizar.

Nyuma mama wa tume, mbele mgongo wa Nizar, pembeni kamba. Foleni ilisogea kwa mwendo wa konokono. Wanafunzi walipitisha maboksi ya pizza, mtu akapiga gitaa vibaya. Marit akajikunyata ndani ya koti.

"Ulisema huji," akasema mwishowe, akiuambia ule mgongo.

"Mama yangu kanipigia simu. Kasema yeye aliapa uraia akiwa na mimba yangu, kasimama miguu imevimba. 'Nafasi ya rais iache wazi ukitaka, lakini karatasi nzima usiniachie.'"

"Kwa nini uiache wazi?"

Nizar akageuka taratibu. "Nyumba ya khalati, dada yake mama, kule kusini mwa Lebanon, imepigwa mabomu, umebaki ukuta mmoja. Wanalala shuleni. Na hawa wagombea wawili wakiulizwa juu ya vita hivyo, wananijibu lilelile. Niambie, nipite mlango gani?"

Machozi yakamtoka Marit.

"Mbona hukuniambia?"

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana upumbavu!" Akajifuta kwa mkono wa koti. "Nizar, baba alipokuuliza kwenu kwenyewe wapi, nilisikia. Nikajifanya napanga donati. Niliogopa kumuudhi, nikakuacha peke yako. Nisamehe."

Skafu ilikuwa imelegea. Nizar akaiona beji.

"Bado umeivaa."

"Nimevaa koti. Nikilivua nakufa kwa baridi, nikilivaa unanichukia."

"Sikuchukii, habibti. Ningekuchukia ningekuwa nalala usiku."

Mlangoni mama wa tume akamgusa Marit bega. "Alama za wagombea haziingii ndani, mwanangu. Toa hiyo."

Vidole vya Marit vilikuwa vimekufa ganzi, pini ilikuwa na kutu. Nizar akainama, akapuliza vidole vyake mwenyewe, akaitoa polepole asichane kola.

"Niitupe?"

"Usiitupe. Ni ya baba."

Akaitazama kiganjani. Kisha akaitia kwenye mfuko wa koti la kaka yake, akafunga zipu.

Walipotoka, Marit alimnong'oneza jina alilolichagua. Silisemi hapa, alimwambia Nizar, hakuniambia mimi. Nizar alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akambusu paji la uso. Yeye alikuwa ameiacha ile nafasi wazi, na majaji na wajumbe wa bodi ya shule, ambao nao wamo kwenye karatasi ileile, akawachagua mmoja mmoja. Hakuna aliyejisikia mshindi.

Marit akampigia baba yake.

"Baba, nimepigia kura huku chuoni. Mtihani haukuwepo, nilikudanganya. Na kura yangu si kama yako."

Nyuma ya mzee televisheni ilikuwa ikitaja majimbo. Marit alimkaza Nizar mkono mpaka akauma meno.

"Umekula?" akauliza baba. Sauti ilikuwa imekwaruza.

"Pizza."

"Yule kijana yupo?"

"Yupo. Anakusikia."

"Lile bango limeanguka tena. Hakulishika sawasawa." Mzee akakohoa. "Aje anisaidie kuling'oa."

Nizar akaisogelea simu. "Nitakuja, mzee. Lakini ukiniuliza tena kwetu wapi, nitasema Dearborn."

"Najua," akasema Bwana Hoekstra. "Safari hii nitakuuliza kwenu hawajambo."

Nizar akaukumbuka ule ukuta mmoja wa khalati. Akaingiza mkono mfukoni, akaishika ile beji.