Miguu Iliyoota Usoni

Naapa kwa macho yangu yote mawili kwamba haya yalitokea hivi hivi ninavyoyaandika, katika maabara ya nzi wa matunda pale Bandung. Sijaongeza hata unyayo.

Jumatatu tarehe 30 Machi, saa moja na dakika kumi asubuhi, mwanafunzi aitwaye Nining alifungua kabati la baridi, akatoa chupa ya pili, akawatazama nzi wake kwa hadubini. Hakupiga kelele. Alirudi nyuma taratibu mpaka mgongo wake ukagusa ukuta. Kila nzi alikuwa ameota miguu usoni, mahali pa vipapasio, na ile miguu ilikuwa ikitembea hewani bila kwenda popote. Mmoja alikipiga teke kizibo cha chupa kikaruka hadi darini.

Maagizo ya kutengeneza mguu yamo katika kila seli ya nzi, hata za kichwani. Usoni hakuna miguu kwa sababu kuna protini zinazoikalia jeni ya mguu na kuizuia isisomwe. Hao ndio walinzi. Nzi wa Nining walizaliwa na walinzi dhaifu: kwenye nyuzi joto kumi na nane wanakaa kazini, kwenye thelathini wanasambaratika, na jeni iliyopaswa kunyamaza inaanza kusomwa. Kabati lile lilikuwa la nyuzi kumi na nane.

Wakubwa walisema Nining amechanganya chupa na za kabati la joto, kisha anaficha uzembe. Kikao kiliwekwa Jumanne tarehe 7 Aprili. Akikutwa na hatia, anafukuzwa chuo.

Uchunguzi alipewa Profesa Lastri, mwanamke mfupi ambaye sauti yake haikupanda kamwe. Funguo za kabati zilikuwa tatu: wa Nining, wa mwanafunzi mwenzake Ganjar, na mmoja uliotundikwa kwa Mjomba Uhad, mtunzaji wa vyumba, mchapakazi, mtanashati kwa umri wake, ambaye mwezi huo alikuwa amepokea ujumbe wa posa ya bintiye.

Lastri alianza na Ganjar.

"Nasikia unaitaka nafasi ya Nining ya kwenda kusoma ng'ambo."

"Nani haitaki, Mama? Lakini nzi wake hata kuwatazama siwezi. Wananitia kinyaa."

"Ufunguo wako?"

"Mfukoni. Hata chooni naenda nao."

Lastri akazipanga chupa tatu mezani. Kila moja ilikuwa na tarehe ya mayai kutagwa. Ya tarehe 2 Machi, nzi wazima. Ya tarehe 9, miguu usoni. Ya tarehe 16, nzi walikuwa hawajatoka gandani.

"Tuwasubiri hawa," akasema.

"Mama, kikao ni wiki ijayo," Nining alisema. "Nitakuwa nimeshafukuzwa."

"Watatoka Jumamosi. Nenda kalale, mwanangu."

Jumamosi walitoka. Wote wazima. Lastri akalivuta kabati, akapiga magoti, na chini ya rafu ya mwisho akaokota kipande cha jani la mgomba kilichonata. Akakinusa.

Jumanne, saa tatu asubuhi, saa moja kabla ya kikao, aliwaita wote watatu kwenye chumba kile.

"Uso wa nzi hupangwa angali buu," alisema. "Wa tarehe 2 walikuwa wameshajifunga kwenye ganda. Wa tarehe 16 walikuwa hawajatagwa. Joto liliwakuta wa katikati peke yao. Kwa hiyo kabati lilipashwa moto Ijumaa tarehe 13, likarudishwa kwenye baridi Jumatatu asubuhi, kabla Nining hajaja."

"Siku hizo nilikuwa wodini na homa ya dengi," Ganjar akadakia. "Cheti ninacho."

"Nimekiona. Kaa kimya." Akamgeukia yule wa tatu. "Mjomba Uhad, nasikia wakwe wameirudisha tape yako. Eti ilichacha."

Tape ni wali wa kunata unaotiwa hamira na kufungwa kwenye majani ya mgomba. Unataka siku tatu za joto, na mvua za Machi hazina joto.

"Nani huyo mwongo?" Uhad akafoka. "Walilamba mpaka majani!"

Injini ya kabati ilinguruma, ikazima.

"Uliivundika wapi, Mjomba?"

"Humu humu. Kabati la joto lilikuwa limejaa chupa," Uhad akasema, akitazama sakafu. Nining akasema, polepole.

"Siku nane nimelia mbele yako. Ukawa unaniletea chai."

"Tape haitajwi mpaka iive, binti, la sivyo inachacha," Uhad akasema. "Ndiyo maana nilinyamaza siku tatu zile."

"Na hizi nane?"

"Hizi nane niliogopa tu."

Saa tatu na dakika ishirini Uhad aliandika maungamo, akatia sahihi. Nining akabaki chuoni. Na mkono ulioyaandika ni huu huu unaoandika hapa. Ule utanashati nilijisifia mwenyewe. Nilistaafishwa wiki ile ile.

Lakini Nining hakuridhika. Jaribio lirudiwe kwenye baridi tupu, akasema, na atakayehesabu ni Mjomba. Nilikaa kwenye baridi ya kabati lile, nzi elfu mbili na mia nne, uso mmoja baada ya mwingine, nikiogopa kila mara kukuta mguu. Nilipomaliza wa mwisho nikainua kichwa. Alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu lini.

"Wote wazima, binti," nikamwambia.

Akalivuta daftari, akaisoma hesabu yangu, akanirudishia.

"Hesabu tena, Mjomba."