Madamu Amekula?

Mvua ya Belém haina adabu. Mchana ule iliangukia soko la Ver-o-Peso bila kuuliza nani amevaa nini, na Jociane Furtado, mwenye gauni jipya la njano lililotoka kwa fundi asubuhi ileile, akakimbilia chini ya turubai la muuza mitishamba pamoja na nusu ya soko. Walibanana. Mbele yake alisimama bibi mwenye kikapu cha kaa, na nyuma yake kijana mrefu wa shati la kijani, amelowa hadi nyusi, amekumbatia mfuko wa kitambaa kifuani.

Mfuko ukamgusa mgongoni. Jociane akasogea. Ukamgusa tena, na safari hii ukasukuma.

"Kaka, chunga mikono yako."

"Mikono yangu hii hapa, dada."

"Basi kinachonipapasa ni nini?"

"Ni chatu," kijana akajibu bila wasiwasi wowote. "Samahani. Hapendi msongamano."

Bibi wa kaa akaamua heri alowe. Jociane naye angeondoka, lakini gauni lilikuwa jipya.

"Nimemwambia aniuzie, hataki," muuza mitishamba akadakia kutoka nyuma ya vichupa vyake vya manukato ya mapenzi. "Mimi sihitaji nyoka mzima. Kipande tu cha gamba, mwanamke akikishona kwenye ukosi wa shati, mwanamume haoni mwingine hadi anazikwa."

"Mama, huyu hauzwi vipande. Na mambo hayo siyachezei hata kidogo. Mjomba wangu alishonewa. Zamani alikuwa mwanamume wa kuogopwa mtaa mzima. Sasa hivi anapiga pasi mashuka."

Jociane akacheka, na kijana akafurahi kuona amemchekesha. Aliitwa Adenilson, wenzake wakimwita Nilson, na alifanya kazi kwenye shamba la kufuga nyoka nje ya mji, shamba lenye kibali cha serikali. Alikuwa amemleta chatu kwa mteja, mke wa mteja akamlaki mlangoni na ufagio.

"Anakula panya?" Jociane akauliza ghafla.

"Ndicho chakula chake."

"Basi nimemchukua. Mimi nina panya."

Na kweli alikuwa nao. Duka la unga wa muhogo na kamba wakavu aliloachiwa na baba yake lilikuwa na panya wenye vitambi, wasiomkimbia mtu. Babu yake alifuga chatu darini, kama wafanyabiashara wote wa zamani wa mtaa ule, na panya walikuwa wakitajwa tu kwenye mazungumzo.

"Dada, huyu bado mtoto," Nilson akajaribu. "Halafu panya wa mtaani wamekula sumu, wanaweza kumuua. Huyu analishwa."

"Analishwa nini?"

"Panya. Waliogandishwa. Unawanunua."

Jociane akamtazama huku mvua ikipiga turubai. "Yaani niwe na panya, ninunue nyoka, halafu nimnunulie nyoka panya?"

"Ndiyo."

Angesema hapana, mambo yangeishia pale. Lakini yule kijana alikuwa na macho ya upole na nyusi zinazodondosha maji, na Jociane, miaka thelathini na mitatu, mwenye ulimi wa kukata kamba, akajikuta anasema, "Haya, lete."

*

Shangazi Oscarina, aliyeishi naye nyuma ya duka, ndiye aliyempa nyoka jina la Madamu, kwa sababu hakufanya kazi yoyote na alihudumiwa kwa kila kitu. Alitaka beseni la maji la kujilaza mzima. Alitaka kijumba cha kujifichia, chenye unyevu lakini kisicho na tope. Sanduku lake la kioo lilikula nusu ya chumba. Panya wake walikaa kwenye friza kando ya mifuko ya rojo la matunda ya asai, na siku ya kwanza shangazi alipokosea mfuko, mtaa mzima ulisikia.

Na kila jioni simu ililia.

"Amekula?"

"Salama, Nilson. Mimi sijambo. Duka halijambo. Shangazi mguu unamsumbua, ahsante kwa kuuliza."

"Samahani. Hamjambo? Amekula?"

"Hajala! Na ameniuma!"

"Amekuuma? Ulikuwa umeshika nini kabla?"

"Ningeshika nini? Kamba. Nauza kamba."

"Jociane, ulinuka kamba halafu ukamtia mkono usoni? Ningekuwa mimi ningekuuma pia."

"Jaribu," Jociane akasema, kisha akaona haya peke yake, simu sikioni.

Nilson alikuja mara mbili kwa wiki, baada ya mvua ya kila alasiri, kama watu wote wa mji ule wanavyoahidiana. Alifika na shati lake la kijani au jeupe la mikono mifupi, akanawa mikono kwa sabuni, akapiga magoti mbele ya sanduku. Alimfundisha Jociane kumbeba Madamu kwa mikono miwili bila kumbana. Alimfundisha kwamba chatu wa umri ule hula mara moja kila baada ya siku kumi hivi, na akishakula asiguswe kwa siku mbili, la sivyo atatapika. Jociane alijifunza yote. Alijifunza pia kwamba Nilson alikuwa na kovu dogo kidevuni, na kwamba akicheka alifunika mdomo. Kwa kifupi, alimpenda, tena vibaya sana, na yule bwana hakuuliza lingine ila nyoka.

"Amekula?"

"Nilson, siku moja nitamla mimi."

Mwezi wa pili Madamu akafifia rangi, macho yakawa ya maziwa. Jociane akapiga simu kwa sauti inayotetemeka.

"Amekuwa kipofu! Nimemuua, Nilson!"

"Hujamuua. Anataka kujivua gamba. Usimguse, usimlishe, ongeza unyevu. Nakuja."

Alikuja katikati ya mvua, jambo ambalo mtu wa Belém mwenye akili timamu halifanyi. Walikaa sakafuni bega kwa bega, Nilson amevaa fulana ya marehemu baba yake Jociane, shati lake jeupe limechukuliwa na shangazi likakaushwe kwa pasi. Siku chache baadaye Madamu akatoka kwenye gamba lake, kuanzia pua hadi mkia, aking'aa kama sufuria mpya. Nilson, aliyekuwa ameitwa kuja kushuhudia, amevaa lile shati jeupe alilorudishiwa na shangazi limepigwa pasi, akamgeukia Jociane, akambusu.

Wiki iliyofuata ilikuwa tamu. Alimwita mpenzi. Alitaka kumpeleka kwa mama yake Abaetetuba, ng'ambo ya mto.

Halafu akaja siku moja bila kupiga hodi, kabla ya mvua, ameshika lile shati jeupe mkononi. Ukosi ulikuwa umefumuliwa. Akaweka juu ya kaunta, kati ya unga na kamba, kipande cha gamba la nyoka kisichozidi ukucha.

"Hiki ni nini?"

Jociane alikijua mara moja. "Sijui kimefikaje hapo."

"Gamba la Madamu liko chumbani mwako. Shati langu liliachwa nyumbani kwako, likarudishwa siku ileile alipojivua. Umenitilia limbwata, Jociane."

"Mimi? Unaniona nina shida ya mwanamume kiasi hicho?"

"Mimi sijui tena naona nini! Nilikubusu siku ile ile niliyolivaa. Nikalivaa wiki nzima. Sasa niambie, aliyekubusu ni mimi, au ni hiki?"

"Nenda kamuulize mjomba wako mpiga pasi!"

Alikuwa amekusudia kumchoma, na alimchoma. Nilson akachukua kipande chake, akaondoka. Mvua ikaanza, na Jociane akamuuzia mteja unga kilo mbili badala ya moja.

*

Shangazi Oscarina hakukana wala hakujuta. Alikuwa anachambua maharage.

"Nilichukua kipande cha puani, alikuwa keshaanza kujivua huko nyuma ya kijumba chake. Mwanamume anakuja hapa miezi miwili anauliza nyoka, ningefanyaje? Nikuache uzeeke umeshika panya wa barafu?"

"Shangazi, umeniharibia! Anadhani hanipendi, anapendeshwa!"

"Basi labda ni kweli. Kabla ya hapo alikuwa na habari na wewe? Kila siku ya Mungu, amekula, amekula. Hata mimi nilikuwa naota hilo neno."

Jociane akageuka kulitazama sanduku la kioo. Madamu alikuwa amejikunja ndani ya beseni, ameshiba tangu Jumanne, hana habari na mtu.

Akaichukua simu. Iliita ikakatika. Akapiga tena. Ikakatika. Alipiga akiwa amesimama, amekaa, amefumba macho kwa hasira, na mwishowe ikapokelewa. Kisha ile sauti, imenuna, ikasema kwa mazoea:

"Amekula?"

"Nilson, leo siku gani?"

"Alhamisi."

"Na Madamu alikula lini?"

"Jumanne."

"Atakula tena lini?"

"Wiki ijayo."

"Nani aliyenifundisha hivyo?"

"Mimi."

"Wewe ni mfugaji wa nyoka," Jociane akasema, na sasa sauti ilianza kumpanda. "Umelelewa na nyoka! Unajua kuliko mtu yeyote Belém hii kwamba chatu hula kwa siku kumi mara moja. Ila wewe umenipigia kila jioni, tangu wiki ya kwanza, kuniuliza kama amekula. Siku moja baada ya kula! Siku mbili baada ya kula! Gamba lilikuwa bado liko mgongoni kwa mwenyewe, Nilson. Ulikuwa unapiga kwa nini?"

Jociane hakumngoja ajibu.

"Hicho kipande kiko wapi sasa hivi?" akamuuliza.

"Nimekitupa mtoni."

"Na shati?"

"Nimelichoma."

"Lile jeupe? Lilikuwa linakupendeza, mjinga wewe. Basi nani kaniuliza sasa hivi kama amekula?"

Jociane akajifuta machozi kwa aproni yenye unga, akajipaka unga usoni. "Kesho, baada ya mvua. Ukija, umekuja wewe. Usipokuja nitajua pia." Akakata kabla hajasikia kitu kitakachomuumiza.

Kesho yake mvua haikunyesha.

Wenyeji hawakujua wafanye nini. Jua liliwaka saa nane, likawaka saa tisa, wenye ahadi wakasimama milangoni wakitazama juu. Jociane, ndani ya lile gauni la njano, alitoka nje kila mara kuangalia wingu ambalo halikuwepo. Shangazi alimletea sahani ya samaki na asai, akairudisha kama ilivyokuja. Saa kumi na moja alianza kushusha mlango wa bati, akilaani mbingu, shangazi, nyoka, na kila mwanamume aliyewahi kuzaliwa ng'ambo ya mto.

Mkono ukauzuia mlango kwa chini.

Nilson aliinama akapita. Shati la kijani, kavu kabisa. Alikuwa amenyoa, na kovu lake la kidevuni lilikuwa limepata mwenzake mpya kwa wembe.

"Mvua haijanyesha," Jociane akasema.

"Nimeona."

"Tulisema baada ya mvua."

"Nilingoja hadi saa kumi. Halafu nikafikiri, ikichelewa hadi Jumapili, je?" Akageuza ukosi wa shati juu, pande zote mbili, amwonyeshe uko mtupu. "Mama anatungoja Abaetetuba. Nimemwambia naleta mchumba. Nikikosea niambie sasa, nimpigie asichinje bata."

Nyuma ya pazia shangazi Oscarina aliacha kuchambua chochote alichokuwa anachambua. Nilson akatupa jicho upande wa chumba cha Madamu, Jociane akaliona, akakunja uso kusubiri lile neno. Lakini Nilson alimrudishia yeye macho, akamwangalia uso, gauni, na vumbi la unga kwenye nyusi.

"Wewe umekula?" akamuuliza.

Jociane akalia kwa sauti, bila aibu, katikati ya magunia.

"Sijala," akasema. "Tangu asubuhi sijala."