Spika Iliyozikwa Mlangoni

Usiku wa manane ulikuja muungurumo, na Lilik hakuusikia kwa masikio. Aliusikia kwenye mbavu, kisha kwenye godoro, kisha kwenye titi lenyewe ambalo mwanawe mchanga Danu alikuwa akilinyonya, mtetemo mzito wa chinichini kama lori lililosimama nje bila kuzima injini, ila lori halikuwepo, barabara ya kijiji ilikuwa tupu, na maji kwenye glasi kando ya kitanda yalikuwa yakichora viduara vidogo vidogo. Akamtikisa mumewe.

"Baba Danu. Umewasha hicho kitu chako?"

"Nitakiwashaje na amplifaya haijaja?" Yoyok alijibu bila kufumbua macho. "Lala."

Hapo ndipo alipoogopa. Amplifaya haikuwepo. Spika ilikuwa imekaa kwenye zege lake huko nje, kando ya mlango, waya zake zikining'inia bila kuunganishwa na chochote, hata na betri ya tochi, na bado ilikuwa inaunguruma.

Hilo zege lina habari yake, na habari yenyewe ni ya upumbavu mtupu. Katika wilaya ile ya kisiwa cha Java kila mwanamume anayejiona mwanamume ana maoni juu ya besi. Wako wenye malori yaliyopangwa masabufa mpaka juu, wanazunguka nayo kwenye sherehe, vigae vinadondoka mapaani na watu wanashangilia. Halafu wako akina Yoyok, wasio na lori wala sherehe, wanaojenga sabufa moja ya nyumbani na kuijadili kama watu wanaojenga bwawa la umeme. Kila jioni barazani, kahawa ya Lilik, tempe ya Lilik, vile vipande vya soya vya kukaanga, moshi wa sigara za karafuu ukiingia moja kwa moja puani mwa mtoto mchanga, na katikati yao Gendon, fundi redio wa kujifundisha, ambaye Lilik hajawahi kumwona akirudisha redio ya mtu ikiwa inalia.

"Boksi likizibwa pande zote unapata besi kavu, ya heshima," Gendon alikuwa anasema, mdomo umejaa. "Ukiliwekea bomba la kupumulia unapata besi nene. Lakini ukikosea urefu wa bomba, linakoroma kama baba mkwe."

Basi wakajenga la mbao za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, mvua moja ya upepo ikaliloweka, likavimba na kufumuka kama mkate uliodumbukizwa kwenye chai. Wakajenga la plaiwudi, Yoyok akakata upande mmoja mfupi, akaziba pengo kwa gundi na gazeti, likapiga mluzi. Lilik alikuwa akiwatazama kupitia dirishani huku akimpembeleza Danu, anajisemea moyoni kwamba hawa ndio wanaume aliopewa duniani.

Ndipo Gendon akaja na wazo lake kubwa.

"Ubao unatetemeka," alisema. "Ukitetemeka, unakula besi. Ardhi haitetemeki. Tunazika pete ya zege ya kisima, tunamwaga sakafu chini, tunafunika juu, spika inaangalia mbinguni. Hakuna boksi litakaloishinda hiyo."

"Na amplifaya?" Yoyok aliuliza.

"Ya transfoma. Usininunulie hivi vyepesi vya siku hizi, mtu anavibeba na kidole. Amplifaya lazima ikuvunje mgongo."

Lilik alicheka peke yake jikoni. Umeme wa nyumba ile ulikuwa unakatika akiwasha pasi na jiko la wali kwa pamoja.

Walichimba siku Lilik alipompeleka Danu kwenye chanjo. Walichagua upande wa kulia wa mlango kwa sababu udongo wa pale ni laini, na hakuna kati yao aliyejiuliza kwa nini ni laini. Ulikuwa laini kwa sababu Yoyok mwenyewe aliuchimba Danu alipozaliwa. Aliliosha kondo la nyuma la mwanawe kwa mikono yake, akalifunga kwa kitambaa cheupe, akaliweka kwenye chungu cha udongo pamoja na chumvi na sindano na maua, akalizika kulia kwa kuwa mtoto ni wa kiume, akafunika kwa kikapu na kuwasha balbu juu yake, kama kila baba anavyofanya. Kwao kondo ni mdogo wake mtoto, anayetoka nyuma yake, anayebaki mlangoni kumlinda. Siku ile Yoyok alilia. Sasa alikuwa amesahau kama mtu anayesahau alipoweka kiberiti.

Lilik aliporudi alikuta kikapu kimetupwa juu ya kuni na balbu imezimwa.

"Chungu kiko wapi?"

"Kipo." Yoyok alionyesha kwa kidevu shimo lenye zege bichi. "Jembe lilikigusa kidogo tu. Sikukitoa, sijakosa heshima kiasi hicho. Tumemwaga zege juu yake."

"Juu yake."

"Mama Danu, usianze. Sasa ana nyumba ya zege, kutushinda hata sisi."

"Na besi atakuwa wa kwanza kuisikia," Gendon alidakia, wakacheka wote wawili, na Lilik akaokota kikapu juu ya kuni akaingia nacho ndani.

Baada ya ule muungurumo wa usiku ikaja harufu. Ilikuja mchana kweupe, harufu ya chumba cha kujifungulia, damu na udongo mbichi na maua yaliyooza, na ilisimama mlangoni tu, haiingii wala haiondoki. Kisha asubuhi moja Lilik alipokuwa anafagia baraza aliona koni ya spika ina kitu cheupe kimetuama katikati. Akachovya kidole, akanusa. Yalikuwa maziwa, na si ya dukani. Maziwa yake anayajua. Akiwa bado ameinama, koni ikashuka taratibu, ikapanda, ikashuka tena, na kila iliposhuka maziwa yale yakapungua, na yeye akahisi titi lake linavutwa, lile la kushoto, linavutwa kama linavyovutwa Danu akiwa na njaa, na Danu alikuwa amelala ndani.

Alimwambia mumewe.

"Umande huo," Yoyok alisema.

"Umande unanukia maziwa?"

"Wewe hujalala vizuri tangu ujifungue. Jini gani litakalokaa ndani ya zege? Hata panya hawezi."

"Sijasema jini. Wewe ndiye umesema."

Yoyok akachukua simu yake akaanza kutazama picha za amplifaya.

Danu akawa anakonda. Alinyonya mpaka akatoka jasho na bado akabaki na njaa, mashavu yakaingia ndani, na kliniki muuguzi akamtazama Lilik kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili akamuuliza, "Unamnyonyesha kweli, au unacheza na simu?" Lilik akamrudishia Danu nguo. Angesema nini? Kwamba kuna mwingine anayekula kabla yake?

Amplifaya ilipofika, kuukuu, nzito, ina kutu kwenye pembe, Gendon na Yoyok waliibeba kama maiti ya chifu. Waliiwasha wakati wa magharibi, saa ambayo kila mama kijijini ameshamwingiza mtoto ndani kwa kuogopa majini, na Lilik aliwaambia wangoje, Yoyok akasema besi haina saa. Majirani wakasogea. Taa za nyumba zikafifia. Gendon akazungusha kitufe polepole, amefumba macho kama kasisi, na badala ya muziki ikatoka sauti ya kulia.

Ilikuwa ni kilio cha mtoto mchanga kilichoteremshwa chini kabisa, polepole, kizito, kinaanzia kwenye nyayo, na kila kilipovuta pumzi, mchanga wa uani ulisogea kuelekea kwenye spika.

"Mwingiliano wa mawimbi huo," Gendon alisema, ingawa midomo yake ilikuwa imekauka. "Waya wa ardhi haujakaa sawa."

"Zima," Lilik alisema kwa sauti ya chini. "Baba Danu, nakuomba, zima."

"Kidogo tu, niongeze uone kama itasafishika," akasema Yoyok, akaongeza, na swichi kuu ya nyumba ikaruka, na giza likaingia mara moja, nyumba nzima, na transfoma ikanyamaza, na kila mtu aliyekuwa uani akasubiri kilio nacho kinyamaze kwa kuwa hakuna umeme wa kukilisha, lakini hakikunyamaza, kiliendelea, ila sasa kilianza kupanda, kutoka kwenye uzito ule kikawa chembamba, chepesi, kikawa kilio cha kawaida cha mtoto wa kawaida anayetaka kubebwa, chenye kile kikwaruzo kidogo mwishoni ambacho Lilik angekitambua katikati ya watoto mia, kilio cha Danu, kinatoka chini ya ardhi, na Danu alikuwa begani kwake, amefunga mdomo, mtulivu, mzito kuliko alivyokuwa dakika moja iliyopita, macho yake wazi gizani yakimtazama kwa karibu sana.

Gendon alikimbia akaacha kandambili zake. Yoyok alionekana baadaye jikoni, nyuma ya gunia la mchele, akaeleza kwamba alikwenda kuangalia swichi kuu, ambayo iko upande mwingine kabisa wa nyumba.

Kulipokucha Lilik alimwita Bibi Rusmini, mkunga aliyemzalisha, kikongwe mwenye kapu la dawa za mizizi mgongoni na ulimi usiomwogopa mtu. Alilizunguka zege mara moja, akatema mate pembeni.

"Nani alichimba?"

"Mimi, Bibi," Yoyok alisema. "Lakini wazo lilikuwa la Gendon."

"Gendon ndiye aliyezaa?"

Yoyok akashika mpini wa jembe.

"Vunja. Kwa nyundo na patasi, si kwa jembe, umeshamtia jeraha moja. Na uongee naye kwa adabu ile unayoongea nayo na baba mkwe wako unapotaka kukopa."

Basi yule bingwa wa besi akapiga magoti mbele ya majirani, akavunja sakafu yake kipande kwa kipande huku akiomba radhi kwa maneno ya heshima, akikosea maneno, na Bibi Rusmini akimsahihisha kama mtoto wa darasa la kwanza. Chungu kikatokea, kimepasuka ubavuni. Bibi akakiinua, akatazama ndani, akakifunika upesi kwa kiganja.

"Nenda dukani ukalete kitambaa cheupe," alimwambia Yoyok. "Nenda kwa miguu."

Alipokwisha kutokomea, Bibi alimwonyesha Lilik. Ndani ya chungu hamkuwa na kondo wala kitambaa, hamkuwa na sindano wala maua wala chumvi wala udongo. Kuta zake zilikuwa safi, zimelowa, kama bakuli lililolambwa.

"Nipe mtoto."

Aliweka sikio kifuani pa mtoto, akakaa hivyo muda mrefu. Mtoto hakulia wala hakujinyonganyonga. Alikuwa anautazama uso wa mama yake.

"Jana umeme ulipokatika," Bibi alinong'ona, "nani alikuwa analia?"

"Danu."

"Na huyu begani?"

"Kimya, Bibi."

Bibi akamrudisha mtoto mikononi mwa Lilik, taratibu, kama anayeweka chini kitu kinachoweza kumwagika. Akamvuta Lilik mpaka nyuma ya tanki la maji, akamziba mtoto masikio kwa viganja vyake viwili.

"Amekaa gizani amefungiwa, anamsikia mwenzake ananyonya. Halafu mumeo akamtengenezea mdomo. Akautumia. Mwili huu ni wa Danu, mwanangu. Aliyemo ni mdogo wake, yule wa chungu."

"Mtoe," Lilik alisema, na hakuitambua sauti yake. "Mtoe, Bibi, nitakupa chochote, mrudishe mwanangu."

"Nikimtoa huyu kwa nguvu, Danu aliye chini hajui njia ya kurudi. Ni mchanga mno. Utabaki na maiti mikononi na chungu ardhini. Hivi walivyo, wote wawili wana uhai. Zika chungu palepale, washa taa, usiizime maisha yako yote. Na huyu mnyonyeshe, mpende, muite Danu. Siku atakayojua kwamba umetaja kwa yeyote kuwa yeye si Danu, ataondoka, na mwili ataondoka nao."

"Na baba yake?"

"Baba yake hawezi kutunza hata siri ya boksi."

Wakazika. Yoyok alikuwa mchangamfu kabla hata udongo haujakaa. Mtoto alinenepa, mashavu yakarudi, muuguzi kule kliniki akasema, "Unaona sasa," na Yoyok akawa anasimulia mambo yale kwenye banda la kahawa kama kichekesho, jinsi Gendon alivyokimbia bila viatu, jinsi kibibi kilivyompigisha magoti, nyumba haikupata madhara yoyote, mwanawe ana afya kama ndama. Amplifaya ameiuza. Sasa wanajadili boksi la mbao za mnazi.

Na kila magharibi Lilik anatoka kuangalia balbu chini ya kikapu, na kila magharibi, Yoyok akiwa barazani anacheka na wenzake hatua chache tu kutoka pale, kuna kilio chembamba chini ya udongo chenye kikwaruzo mwishoni, ambacho wanaume wale hawakisikii, na yeye anasimama akiwa na mtoto kifuani, miguu inamwambia apige magoti achimbe kwa kucha, na hapigi magoti, kwa sababu amempakata huyu, na huyu ana mwili wa yule.

Jana alishindwa. Aliinama kidogo, kidogo tu, midomo yake ikaanza kuelekea ardhini, "Danu, mama yuko hapa", na kabla hajamaliza akahisi titi limeachwa. Mtoto alikuwa ameacha kunyonya. Alikuwa ameugeuza uso wake wote mdogo juu, hana hasira, anasikiliza, na kifuani kwake mtetemo ule mzito ulikuwa umeanza kupanda, mbavu za Lilik zikaupokea mpaka meno yakagongana.

Akasimama wima. Akafuta machozi kwa bega.

"Sijasema kitu," akamnong'oneza sikioni. "Sitamwambia baba yako. Sitamwambia mtu mwingine yeyote, mwanangu. Naapa."

Mtoto akamtazama kitambo, kama anayapima maneno. Kisha akalirudia titi.