Kefa Aliyecheza kwa Jina la Mwenzake

Nisikilizeni, wazazi wenzangu, na ninyi vijana mnaotafuta pa kuanzia maisha. Nataka kuwasimulia yaliyoipata nyumba ya Matonya wa Mtumba, nyumba iliyokuwa na amani yake kabla haijaingiliwa na tamaa.

Ilikuwa zamani za utawala wa Wajerumani, miaka ile reli ilipokwisha kufika Dodoma na kuendelea kwenda Tabora. Mtumba wakati huo palikuwa na matembe machache tu yaliyotawanyika kati ya miiba na mashamba ya uwele. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha vizuri. Matonya na mkewe Loisi walikuwa wamepanda mapema, mbuzi walikuwa wakinenepa, na jioni Loisi alipenda kukaa mlangoni akipepeta nafaka huku akimtazama mwanawe Kefa. Mungu alikuwa amewapa watoto kadhaa, lakini huyo ndiye pekee aliyekua. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye mbio za ajabu. Aliwahi kusoma shule ya misheni, na huko, pamoja na kusoma na kuandika, alijifunza kucheza mpira. Kila jioni aliwachezesha vijana wenzake mpira wa matambara kando ya zizi, na wazee walisimama kutazama.

Jioni moja alisimama hapo mtu mwingine pia. Huyo alikuwa Ombasha Yahaya, askari mwenye cheo kidogo katika kambi ya kufundishia askari wapya iliyokuwa karibu na reli mjini Dodoma. Alitazama mchezo mpaka mwisho, kisha akamfuata Matonya.

"Yule ni mwanao?"

"Ndiye, Bwana Ombasha."

"Na unamficha huku kwenye mbuzi?"

Matonya akacheka. Watu wa serikali walipofika kwake kwa kawaida walitaka kodi, au walitaka watu wa kuchimba barabara. Huyu alikuwa wa kwanza kumsemesha kwa uso mkunjufu.

Yahaya akamvuta pembeni, nyuma ya zizi. Akamweleza kwamba kambi ina timu ya mpira, na siku ya sikukuu ya Kaizari itacheza na mafundi wa reli. Mwaka uliopita kambi ilishindwa, na Bwana Luteni, mkuu wa kambi, alichekwa na Wazungu wenzake. Mwaka huu hataki kusikia habari ya kushindwa.

"Mwanao akitusaidia, sikukuu ikiisha ataapishwa chini ya bendera awe askari kamili," alisema Yahaya. "Nawe utakuwa baba wa askari. Nani atathubutu tena kukutoa kwenye palizi ukachimbe barabara?"

"Kwa nini asiapishwe kwanza?" Matonya aliuliza.

Lilikuwa swali jema, ndugu zangu. Laiti angelishikilia.

"Muda hautoshi, mzee. Na sharti la mchezo ni kwamba kila mchezaji awe askari aliyekwisha kuapa. Sasa, tunaye mmoja anaitwa Msafiri, ana homa. Kefa ataitika jina la Msafiri kwa siku chache, basi. Ila mama yake asijue. Akijua yeye, kesho wamejua wote kisimani."

Mtu akikwambia umfiche mke wako jambo la mtoto wenu, msindikize mpaka njiani mwagane. Matonya hakufanya hivyo. Alijiona ameketi mbele ya tembe lake, wapita njia wakimwamkia kwa heshima, na moyo ukajaa furaha.

Usiku ule Loisi alimwuliza, "Baba Kefa, yule askari ameahidi nini?"

"Kefa anakwenda kuwa askari."

"Ataapishwa lini?"

"Baadaye kidogo."

"Basi na aende hiyo baadaye kidogo."

"Mama Kefa, unataka mtoto azeeke na mbuzi?"

Loisi hakuridhika. Kefa mwenyewe alifurahi, kwa maana kijana gani asingefurahi? Asubuhi baba yake alimsindikiza hadi korongoni, na hapo ndipo alipomwambia.

"Ukifika huko utaitwa Msafiri. Itika."

Kefa akasimama. "Kwani mimi si Kefa, baba?"

"Ni siku chache tu. Yeyote atakayekuuliza, wewe ni Msafiri. Ukiteleza ukasema vingine, utatuharibia sote. Umenisikia?"

"Nimesikia, baba."

Tangu utotoni Kefa hakuwahi kumbishia baba yake. Akavuka korongo, akaenda zake.

Sikukuu ilipowadia, Loisi alitaka kwenda kumwona mwanawe. Matonya akamwambia kuwa wanawake hawaruhusiwi, naye akaenda peke yake, akimwacha mkewe na jembe shambani. Akakuta uwanja umejaa watu, bendera na matarumbeta. Akamwona Kefa amevaa shati la kaki, miguu mitupu kama askari wenzake wote. Mafundi wa reli walivaa viatu vizito. Kefa alipofunga goli la kwanza, umati ulilipuka, "Msafiri! Msafiri!" Na Matonya, baba aliyempa mwanawe jina la Kefa siku ya kuzaliwa kwake, akapiga kelele pamoja nao, "Msafiri!"

Baada ya goli la pili, fundi mmoja alimkanyaga Kefa kwenye muundi. Walio karibu walisikia mfupa ukivunjika. Kijana akabebwa nje, mchezo ukaendelea, kambi ikashinda. Ng'ombe wa zawadi ya washindi alikuwa amekwisha kuchinjwa Matonya alipofika kwenye mlango wa hospitali ya kambi. Yahaya akamzuia.

"Nataka kumwona mwanangu."

"Mwanao nani? Humu amelala Msafiri, na baba yake Msafiri alikufa zamani huko Kondoa. Mzee, ukiingia humu unamharibia. Mguu umefungwa, atapona, ataapishwa. Rudi nyumbani."

Matonya akarudi. Loisi akampokea mlangoni. "Umemwona?"

"Nimemwona. Wameshinda. Hajambo."

Sasa yapokeeni yaliyotendeka kule kambini, ambayo Matonya aliyajua baadaye. Mafundi wa reli hawakukubali kushindwa. Wengine wao walimjua Kefa kwa kumwona akichunga Mtumba, wakapeleka malalamiko kwa bwana mkubwa wa wilaya kwamba aliyefunga magoli si askari. Bwana mkubwa akasema atakuja kujionea mwenyewe. Luteni akamwita Yahaya na kumwambia neno moja tu: "Kesho bwana mkubwa atapita hospitali. Nataka amkute Msafiri." Kisha akamgeuzia mgongo.

Yahaya akaelewa. Alfajiri Kefa alitolewa kitandani kwa machela, homa ikiwa imeanza kumpanda, akapelekwa pembezoni mwa mji kwenye kibanda cha Batuli, mjane wa Kirangi aliyeuza samli na asali. Bibi huyo aliambiwa kuwa huyu ni mpagazi aliyeumia, na jioni watamfuata. Msafiri mwenyewe, aliyekwisha kupona homa yake, akaamriwa kulala kwenye kitanda kile kile. Mguu wake mzima ukafungwa bendeji. Bwana mkubwa akapita, akatazama, akaridhika.

Jioni hawakuja kumfuata Kefa. Wala kesho yake.

Batuli hakumtupa. Alimwosha kidonda kwa maji ya moto, akampaka asali, akamlisha uji kwa mkono wake. Lakini aliona mguu unabadilika rangi, akajua huyu anahitaji watu wake.

"Mwanangu, jina lako nani?"

"Msafiri."

"Wa wapi?"

Kijana akageuzia uso ukutani. Batuli akaenda mpaka langoni mwa kambi kuuliza jamaa za Msafiri. Askari wakamcheka. "Msafiri yumo humu ndani, bibi, anakula." Akarudi, akamwuliza tena, akajibiwa vile vile. Hivyo ndivyo siku zilivyopotea, ndugu zangu. Mtoto yule alikuwa anatii. Alikuwa ameambiwa na baba yake kuwa akisema vingine atawaharibia wote, naye akalishika neno hilo mpaka mguu ukaanza kuoza. Homa ilipomzidi ndipo alipoanza kumwita mama yake kwa jina, Loisi, na kutaja Mtumba. Batuli akawatuma wanawake waliorudi huko kutoka sokoni.

Matonya na Loisi walifika jua likiwa limesimama. Harufu iliwapokea mlangoni. Loisi akapiga magoti, akakishika kichwa cha mwanawe.

"Kefa."

Kijana alifungua macho. Hakuitika. Aligeuza macho taratibu mpaka yakamwona baba yake aliyesimama nyuma, akamtazama, kama mtu anayeomba ruhusa.

Matonya akasogea, akainama karibu naye. Akasema, "Itika, mwanangu."

"Naam, mama," alisema Kefa.

Alifariki kabla ya jua kutua, mikononi mwa mama yake.

Batuli alimpa Loisi maji, akaketi karibu naye. "Unisamehe, ndugu yangu. Kila nilipomwuliza jina alisema Msafiri. Ningejua mapema, ningewatafuteni mapema."

"Msafiri ni nani?" Loisi aliuliza.

Matonya alitoka nje.

Walipomzika, Loisi alisema anataka kwenda kwa bwana mkubwa kuuliza nani atalijibu jambo hili. Batuli akakubali kufuatana nao kuwa shahidi. Kwenye baraza Luteni alikuwepo, na Yahaya, na askari kadhaa. Loisi alieleza. Bwana mkubwa akamgeukia Luteni.

"Kambini kwangu hakuna aliyeitwa Kefa," alisema Luteni. "Aliyeumia ni Msafiri. Msafiri ndiye huyu hapa. Amepona."

"Na wewe, Ombasha?"

"Simjui huyo marehemu, bwana mkubwa."

Bibi Batuli alisema aliyoyajua, lakini neno lake liliishia kwenye jina lile lile, na jina lile alikuwa amesimama nalo mtu mwingine mzima wa afya. Shauri lilikuwa karibu kufungwa. Matonya akaona kwamba yuko mtu mmoja tu anayeweza kulifumbua, na kwamba akilifumbua, mkewe atasikia.

"Bwana mkubwa," alisema, "ni mimi niliyemwambia mwanangu aitike jina hilo. Ombasha Yahaya aliniomba, nami nikakubali. Niliahidiwa kuitwa baba wa askari."

Loisi hakugeuka kumtazama.

Hapo Msafiri naye akasema. "Kweli, bwana mkubwa. Mimi sikucheza. Nililazwa na bendeji kwenye mguu usio na kidonda."

Hukumu ikatoka. Yahaya alivuliwa cheo. Msafiri alichapwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, kwa kulala kitandani kwa uongo, ingawa aliamriwa. Matonya aliambiwa kuwa baba anayemtoa mwanawe kwa jina la uongo hana madai. Luteni hakuulizwa tena lolote. Hata ushindi wake haukufutwa.

Njiani kurudi Mtumba, Loisi alitembea mbele. Walipofika nyumbani alikusanya vitu vyake.

"Nilikuuliza usiku ule, ukanificha," alimwambia mumewe. Hakupandisha sauti. "Ukarudi kutoka uwanjani, nikakuuliza tena, ukasema hajambo. Siku ile ungesema kweli, ningekwenda mimi, nikalala kwenye mlango wa hospitali mpaka wanipe mtoto wangu. Umesubiri kusema mbele ya Mzungu, mtoto akiwa kaburini."

 Loisi akaenda kwa kaka zake Kibakwe na hakurudi. Mwaka ule uwele ulizaa sana Mtumba, lakini ndege waliula wa Matonya, kwa sababu hakuwa na mtu wa kuwaamia naye. Miaka iliyofuata, kila watu wa kambi walipokuja kutafuta vijana, alikwenda tembe hadi tembe kuwauliza wazazi swali moja: "Mmemwona akiapishwa?" Wengine walimsikiliza. Wengine walimfukuza, wakisema huyu ndiye aliyemuuza mwanawe mwenyewe.

MAFUNZO

Hadithi hii yatufundisha tusiwe wepesi wa kumtoa mtoto kwa ahadi ya cheo. Anayemtaka mwanao kwa heri atamchukua mchana, kwa jina lake, mama yake akijua. Akitaka jina lifichwe, jua kwamba siku ya msiba atasema hakumjua, naye atakuwa na ushahidi, kwa sababu wewe mwenyewe ulimsaidia kumfuta mwanao.

Nanyi wakubwa mnaotafuta vijana wenye nguvu ili mpate sifa, kijana mnayemtumia akiumia ni wenu kama alivyokuwa wenu alipofunga goli. Kumwadhibu mdogo aliyetumwa na kumwacha mkubwa aliyetuma si haki, hata kama baraza limekwisha na watu wametawanyika.

Na wewe mzazi uliyekwisha kukosea, kama mwanao bado anapumua, nenda leo ukaseme kweli. Matonya aliisema, lakini aliisema baada ya mazishi, na Kefa haikumfaa kitu.