Dakika Kumi na Sita

Maiti ya Vinko Hribernik ilikuwa sakafuni, chini ya meza yenye kompyuta tano za nyumbani, zote zimenunuliwa madukani. Penseli ilikuwa bado mkononi. Kwa miaka sita mzee huyu alizipima kompyuta kwa ajili ya jarida moja la mjini Maribor: zote hupewa hesabu ileile, kisha yeye huangalia ipi inamaliza mapema.

Inspekta Lešnik aliinama taratibu, magoti yakalia.

"Moyo," alisema daktari wa polisi. "Hakuna jeraha. Ila angewahiwa, labda angepona."

Zdenka, binti wa marehemu na msaidizi wake, alisimama mlangoni akipindapinda leso.

"Ulikuwa wapi, binti?" aliuliza Lešnik.

"Nje, kwenye kidirisha hiki cha kioo mlangoni. Tunapima wawili, kila mtu na saa yake, mlango umefungwa, tusiambizane."

"Akaanguka?"

"Nikasikia kishindo. Nikaingia papo hapo, nikapiga simu."

Inspekta alizitazama karatasi mbili za vipimo, ya mzee na ya binti. Mzee alikuwa na mazoea ya kuweka alama kila dakika ikipita. Alama zake zilikuwa tatu tu, na ya tatu mkia wake umeteleza hadi ukingoni. Mahali pa jibu lake palikuwa patupu. Karatasi ya Zdenka ilisema: dakika kumi na tisa, sekunde nane.

"Mwandiko wako huu?"

"Wangu."

"Kwa hiyo ulipiga simu huku unatazama saa mpaka hesabu ikaisha?"

Zdenka aliizungusha leso kidoleni.

"Sema, mwanangu. Sijaja na pingu."

Zdenka akaketi chini. "Nilidhani kigoda kimeanguka. Huwa anakipiga teke akiikasirikia kompyuta inayojikokota. Kioo kinaonyesha skrini tu. Na alinikataza: hesabu ikiwa inaenda, hata nyumba iungue, usifungue. Nikasubiri. Nikaandika. Ndipo nikafungua, nacheka, nimwambie hii ndiyo goigoi kuliko zote."

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Mama asijue."

Mama yake, Marjeta, alikuwa amekwisha kuingia. Alishika sufuria ya supu ya maharage, imefungwa taulo isipoe.

"Bwana inspekta, mume wangu alikufa peke yake?"

Lešnik alifungua kinywa. Zdenka akamtangulia.

"Nilikuwa hapo nje, mama. Dakika kumi na sita. Natazama saa."

Marjeta aliiweka sufuria katikati ya kompyuta. Akaketi sakafuni kando ya bintiye, kwa shida.

"Hata mimi alinikataza kubisha hodi," alisema. "Nilifika mapema, nikakuona bado uko kiooni, nikarudi chini kwenye ngazi. Nikakaa na supu yake mapajani."